Josho la Saba la Jemadari

Ukelele ulitoka nyuma ya tangi la maji, mkali, mrefu, kisha ukakatika ghafla kama koo lililobanwa. Nilikuwa nafua shati langu kwenye bomba la mfereji. Nililiangusha, nikaokota jiwe, nikakimbia. Nilidhani kuna mtu anachinjwa.

Hakukuwa na mtu. Alikuwa Jemadari, mbwa wa Bi Savita, amekunja mgongo kama upinde, miguu ya nyuma inatetemeka, anajaribu kujisaidia. Hakitoki kitu. Alipokaza mara ya pili alilia tena ukelele ule ule, na chini yake ikadondoka kamasi yenye damu. Akageuza kichwa akaanza kujilamba chini ya mkia kwa hasira, kama anayetaka kujinyofoa nyama.

Harufu ilinifikia kabla sijamfikia. Haikuwa ya kinyesi. Ilikuwa ya nyama iliyooza ingali hai.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni. Kwetu, mbwa akikugusa na unyevu wake unaosha palipoguswa mara saba, moja ya hizo kwa udongo, na mama anasimama mlangoni akihesabu. Siku nilipoajiriwa ulinzi katika nyumba hii ya Mbweni nilimwambia Bi Savita wazi: ukuta nitaulinda, geti nitalilinda, wewe nitakulinda, lakini mbwa simgusi. Alicheka akasema, "Basi yeye atakulinda wewe."

Na alinilinda. Mwaka jana, Ijumaa, watu wote wako msikitini, wezi wawili waliruka ukuta. Mmoja alinipiga teke la tumbo nikaanguka chali, na panga likapanda juu yangu. Nililiona likimeta juani. Halikushuka. Jemadari aliudaka mkono ule hewani na nikasikia mfupa ukikatika kama muwa. Walikimbia wakaacha panga, kiatu kimoja na damu mpaka barabarani. Ninapumua kwa sababu ya meno ya mbwa. Sikuona haya kulisema wakati ule na sioni haya sasa.

Kwa hiyo asubuhi ile nyuma ya tangi nililivunja neno langu mwenyewe. Niliinua mkia wake.

Alikuwa wa ile mbegu ya Kijerumani, masikio wima, mgongo mweusi, mkia mzito unaoning'inia mpaka chini. Chini ya mkia ule nyama ilikuwa imetoboka matundu kuuzunguka mwanya wake wote wa haja. Mengine madogo kama ncha ya kalamu, mengine yangeweza kumeza kidole, na yote yanatoa usaha. Nilisogeza kidole nione yanaingia mpaka wapi.

Aligeuka kama risasi. Meno yakazama kwenye mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, yakakutana ndani. Nilimpiga ngumi ya kichwa. Nikampiga ya pili na ya tatu. Hakuachia. Ya nne ilimpata puani, akaachia, akarudi nyuma akakaa kwa kusahau, na alipokalia kile kidonda alilia mpaka kunguru wakaruka juu ya paa. Tukabaki tunatazamana, sote wawili tunavuja damu.

"Ala! Keshakuwa wazimu huyo!"

Alikuwa Abdulrazak, mtunza bustani, mtu wa Paje, shingo nene kama gogo. Mkononi alikuwa na tofali.

"Toka hapo Amour, nimpasue kichwa."

"Weka tofali chini."

"Kakuuma!"

"Kaniuma mimi, hakukuuma wewe. Weka chini."

"Yakhe, mbwa keshaoza huyu. Harufu yake nnaisikia tangu wiki iliyopita. Nilidhani ni wewe."

Akalirusha. Nilimpiga kikumbo tofali likiwa linatoka mkononi, likapita juu ya masikio ya Jemadari likavunjika kwenye ukuta wa tangi. Nilimkamata Abdulrazak shingo ya fulana, akanikamata yangu, na damu ya mkono wangu ikamchirizika kifuani. Alipoiona alianza kuruka ruka.

"Udenda wa mbwa huo! Umenitia najisi, mwana hizaya we!"

"Nyinyi!" Bi Savita alikuwa ametoka barazani na sari yake ya nyumbani, miwani imekaa upande. "Mnataka kuniulia nini? Mume kashakwenda, sasa na mbwa wake?"

Jemadari alikuwa wa marehemu mumewe, Mzee Natwarlal. Sote tulilijua hilo. Tuliachiana.

Daktari wa wanyama alifika saa saba mchana kutoka mjini. Jina lake Rahila, mwanamke wa makamo, mwembamba, buibui kalikunja mpaka kwenye viwiko na glavu kazivaa juu yake. Mimi nilikuwa nimeshatoka hospitali, mkono umeoshwa, umefungwa, na sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa nimeshadungwa ingawa Jemadari alikuwa amechanjwa. Daktari hakutaka maelezo mengi. Alimfunga mbwa mdomo kwa bendeji, akanilaza juu ya kifua cha mbwa kama anayelaza gunia juu ya gunia, akamwambia Abdulrazak ashike miguu.

"Mimi simshiki."

"Basi shika mkia."

"Mkia ndio mbaya zaidi!"

Abdulrazak alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaushika huku uso umegeukia barabarani. Daktari alinyoa manyoya, akaosha, akahesabu matundu. Kila alipogusa, misuli ya mbwa iliruka chini ya kifua changu, na sauti iliyotoka kwenye mdomo ule uliofungwa sitaki kuisikia tena.

"Tisa," alisema.

"Nani kamchoma kisu?" Abdulrazak akauliza.

"Hakuna aliyemchoma. Mwili wake mwenyewe unamla. Ile kinga inayopigana na maradhi imekosa adabu, inashambulia nyama yake. Mbwa wa mbegu hii ndio hasa wanaopatwa. Na huu mkia unafunika pale, joto, unyevu, uchafu, basi vidonda vinachimbana chini kwa chini kama mashimo ya panya."

"Si minyoo?"

"Si minyoo. Na nikisikia mtu katia mafuta ya taa, nitamtia yeye."

Alitupa kazi. Vidonge vya kuituliza ile kinga, kila siku bila kuruka, ambavyo mpwa wake Bi Savita angevileta kutoka Dar es Salaam. Marhamu ya kupaka. Kola ya plastiki shingoni, pana kama sinia, asijilambe. Chakula kibadilike, kwa sababu huenda alichozoea ndicho kinachomchokoza: samaki na viazi tu, na boga la kuchemsha ili choo kiwe laini. Na kuosha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asubuhi na jioni.

"Usimwage juu tu," aliniambia mimi. "Yaingize ndani ya matundu, taratibu, mpaka yatoke safi. Kisha kausha kwa kugusa gusa. Usisugue."

Bi Savita alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono amefumbata. "Atapona?"

"Nitarudi baada ya wiki tatu. Nikikuta matundu yameanza kufunga, tutaendelea miezi mitatu, hata minne, wala hatuachi siku ya kwanza tunapoona yamefunga, maana yatafumuka tena. Nikikuta yamezidi..." Alivua glavu. "Bi Savita, sitokuacha umtese. Nitakuja na sindano ya mwisho."

Nilisema, "Hutoihitaji." Hakuna aliyeniuliza, nilisema tu.

Nilianza jioni ile ile. Bi Savita hali samaki wala hawaruhusu kuingia jikoni kwake, kwa hiyo nilipika kwenye seredani ya mkaa karibu na geti. Abdulrazak alikuwa akipita na mkate wake wa boflo mkononi. "Dunia imepinduka. Mbwa anakula samaki changu, mimi nakula boflo na chai." Nilimfunga Jemadari mdomo, nikambana kati ya magoti yangu na ukuta, nikamwosha. Siku za kwanza alipigana. Alinipiga kwa kola usoni mpaka nikatokwa na damu ya pua, alinikwaruza mapaja, aliniangusha. Nilimrudia kila mara. Sikuzaliwa mtu wa kushindwa na kiumbe anayenidai uhai wangu.

Na kila nilipomaliza, nilikwenda mfereji wa nje nikaosha mikono yangu mara saba, moja kwa udongo. Asubuhi saba, jioni saba. Kisha nikabadilisha nguo, nikaenda kuswali. Ngozi ya vidole ilianza kupasuka.

"Udongo wa Mbweni utakwisha," Abdulrazak akanicheka. "Mkono unatoharika saa moja, kisha unautia mle mle tena. Ungeanza na mle kwanza!"

Alikuwa akitania. Mimi nililichukua neno lile nikalala nalo, na asubuhi nikaamka nimeligeuza kuwa hekima yangu. Kwa nini nioshe mkono mara saba na uchafu wenyewe niuache ukae? Chanzo ndicho cha kuoshwa. Kama udongo una nguvu ya kuondoa najisi kwenye ngozi, utashindwaje kwenye kidonda? Nilijiona nimegundua kitu ambacho hata daktari na glavu zake hakukijua.

Nilichimba udongo mwekundu nyuma ya ukuta, safi, mbali na njia. Niliuanika. Niliuchunga kwa chujio la chai mara mbili mpaka ukawa laini kama unga wa ngano, nikauhifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko. Nilimwosha Jemadari mara sita kwa maji ya chumvi. Josho la saba nikakoroga udongo ule ndani ya maji, nikauvuta kwenye bomba, nikausukuma ndani ya matundu, kwa subira, moja baada ya jengine. Ya chini, yale mapana, yaliumeza vizuri. Ya juu, yale membamba, hayakukubali bomba, nikayaacha na maji yake.

Sikumwambia mtu. Nilitaka daktari arudi akute muujiza, aniulize mwenyewe.

Wiki ya pili Jemadari aliacha kukaa kabisa. Wiki ya tatu aliacha kulala. Alizunguka tangi lile mchana kutwa, kola inakwaruza ukuta, shingo imeinama, na alipokwenda haja alilia mpaka watu wa hoteli ya jirani waliuliza kama tunapiga mtoto. Uvimbe ulipanda. Nilijiambia uchafu unatoka. Nikaongeza udongo.

Siku ya kumi na tisa Bi Savita alikwenda kumtuliza. Alishika sahani ya viazi mkono mmoja, na mkono wa pili, wenye bangili, akampapasa mgongoni, akamfikia kiunoni. Jemadari hakunguruma hata. Aligeuka akamuuma kiganja, kola ikavunjika, sahani ikapasuka kwenye sakafu. Nilipofika Bi Savita alikuwa amekaa chini kwenye vipande, anautazama mkono wake kama wa mtu mwengine. Kidole gumba kilikuwa kimechanika mpaka mfupa mweupe unaonekana.

Nilimfunga mkono kwa kitambaa chake mwenyewe. Nikampigia daktari, akasema yuko karibu, anakuja sasa hivi. Bi Savita alisimama, akajiegemeza mlangoni.

"Basi," alisema. "Miaka kumi na moja hajawahi kunionesha jino. Siyo yeye tena. Mfanyeni mnavyojua, lakini mimi nisione."

Akaingia ndani. Nikasikia madirisha yakifungwa, moja moja.

Abdulrazak hakungoja dirisha la mwisho. Alikuwa ameshamkaba Jemadari kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya banda, kichwa kimebanwa hakigeuki, na alikuwa anakwenda kuchukua mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya migomba, chuma kizima, urefu wa mtu.

"Daktari yuko njiani!" nilipiga kelele.

"Keshasema bibi mwenyewe. Unataka amle nani tena, mpwa wake?"

"Abdulrazak, nakwambia!"

"Niambie baadaye."

Akauinua. Mbwa aliutazama ukipanda, na nikaona panga lile juani, nikajiona mimi mwenyewe chali chini yake. Nilimvaa Abdulrazak ubavuni kwa kichwa changu. Mtaimbo ulishuka upande, haukupata fuvu la mbwa, ulipata bega langu. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukisema *ka*. Mkono wa kulia ukafa. Nilitumia kilichobaki: paji la uso. Nilimpiga nalo mdomoni na jino lake likaingia kwenye ngozi yangu kabla halijatoka kwake. Tulianguka kwenye mbolea. Alinikaba koo kwa mikono miwili, mikono ile ya kung'oa visiki, na mimi nikamuuma kifundo cha mkono nikafunga taya kama nilivyofundishwa na Jemadari. Pembeni yetu mbwa alikuwa akijirusha kwenye mnyororo, akianguka, akijirusha, povu la damu limejaa mdomoni.

"Achianeni! Achianeni au nawadunga nyote wawili!"

Daktari Rahila alikuwa amesimama juu yetu, bomba la sindano hewani, kweli kweli, anachagua nani aanze. Tukaachiana.

Alimdunga Jemadari ya usingizi. Miguu ikalegea, mnyororo ukatulia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyumba ile ilinyamaza. Madirisha ya Bi Savita yalibaki yamefungwa. Daktari aliinua mkia, akatazama, akatia koleo ndogo ndani ya tundu la chini akavuta. Kilichotoka kilikuwa donge. Jekundu. Alilisugua kati ya vidole viwili.

"Huu nini?"

Abdulrazak alitema damu. "Usaha."

"Usaha hauna mchanga." Alinigeukia mimi. "Nani katia udongo humu?"

Nilikuwa na koo lililovimba na bega lililovunjika, na ningeweza kunyamaza. Abdulrazak hakujua. Lakini sikumpigania mbwa yule ili nije kumwongopea.

"Mimi," nilisema. "Josho la saba. Nilitaka kuondoa najisi."

 Alilirusha lile donge, likanipata kifuani.

"Nani kakwambia? Mimi naswali kama wewe, Amour. Kila jioni nikitoka kazini naosha mikono hii mara saba, moja yake kwa udongo. Mikono! Nguo! Chombo alicholamba! Amri ile ni yako wewe, si ya kidonda cha mbwa. Mbwa haoshwi akatoharika, hata umzamishe baharini. Umechukua ibada yako ukampigilia mnyama wa watu matakoni kama msumari. Ungemtia pilipili angepata nafuu!"

Daktari alivaa glavu. 

"Njoo hapa. Shika taa ya simu, una mkono mmoja bado."

Alifanya kazi zaidi ya saa moja juu ya meza ya bustani. Alitoa udongo kwa koleo, kwa pamba, kwa maji, bomba baada ya bomba, mpaka maji mekundu yakawa ya waridi na yakawa meupe. Alikata nyama iliyokufa. Mara akasita, akaniambia nisogeze taa juu.

"Hapa. Unaona?"

Nilikuwa sioni kitu. Ngozi tu, ya waridi, imekunjamana.

"Hapa palikuwa na matundu manne. Ya juu, membamba. Udongo wako haukuingia humu, siyo?"

"Haukuingia."

"Yamefunga. Dawa inafanya kazi, Amour. Ilikuwa inafanya kazi wakati wote."

 Nilikaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza, na taa ya simu inamulika majani.

Bi Savita alitoka jua linapungua, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa. Daktari alimweleza yote, hakumficha hata chembe. Bi Savita alisikiliza huku anaangalia tumbo la Jemadari likipanda na kushuka.

"Ungenambia, mwanangu," alisema. "Nimekaribia kumuua kwa sababu yako."

"Wiki tatu nyengine," daktari alisema. "Nadhani atapona. Lakini sitoweza kuja kila siku, na huyu kijana ana bega moja."

"Na nani atajua kwamba harudi kwenye kopo lake?" Abdulrazak alikuwa amekaa juu ya ndoo, fulana kaibonyeza mdomoni, maneno yakipita kwenye pengo jipya. "Huyu ana kichwa kigumu kuliko mtaimbo. Muulizeni jino langu."

Bi Savita alinitazama mimi. Daktari alinitazama mimi. Nilijiinua kwa kushika meza, bega likaniwakia moto mpaka machozi yakatoka, na sikuyafuta. Nilikwenda mpaka kwenye ile ndoo.

"Utajua wewe," nilimwambia Abdulrazak. "Kuanzia kesho mkia utashika wewe, nami nitaosha mbele ya macho yako. Naahidi, wallahi, na hawa wote wanasikia: siku utakayoniona natia mle kitu chochote kisichokuwa maji na chumvi, nipige bega hili la pili, na mimi sitokinga mkono."